Kilomita ya Kumi na Saba

Saa mbili na dakika kumi na mbili asubuhi, geji ya joto kwenye usukani ilisoma nyuzi sabini na moja. Korporali wa polisi Verna Samarodin alivua glavu ya kulia na kuandika namba hiyo kwenye daftari, chini ya nyingine kumi na moja. Katika hizo kumi na moja, ndogo kabisa ilikuwa sitini na tisa na kubwa kabisa sabini na nne.

Alikuwa amepanda mteremko wa Bonde la Morrow mara kumi na mbili tangu kupambazuke. Mara kumi na mbili injini ilikataa kuchemka.

"Funika rejeta," alisema.

"Nimeshafunika," alijibu Elmer Voykin.

"Zote mbili?"

"Zote mbili, binti wa Polly. Mkanda wa gundi, tabaka tatu. Ukitaka nivue koti nizivishe na lenyewe, sema."

Elmer, aliyemjua Polly, mama yake Verna, alikuwa na miaka sitini na moja, na pikipiki aliyoikalia Verna ilitoka mikononi mwake. Ilianza kama pikipiki ya kawaida ya kukimbizia matopeni. Elmer alitoa gurudumu la mbele akaweka skii, akatoa la nyuma akaweka mkanda mpana wa mpira wenye meno. Kwa kuwa rejeta mbili ndogo za kiwandani hazitoshi kwa kazi nzito ya theluji, aliongeza kipoozeo cha kwake: bamba la alumini lenye njia za maji ndani, lililofungwa chini ya kiti, juu ya mkanda. Mkanda ukizunguka hurusha theluji, theluji hulipiga bamba, na maji yaliyomo hupoa. Themostati hufungua njia ya kwenda kwenye bamba pale tu injini inapofika nyuzi sabini. Katika theluji laini ya Morrow, hata rejeta zikiwa zimezibwa, Verna sasa angeweza kuapa mbele ya jaji yeyote kwamba mtambo huo unafanya kazi.

Tatizo lilikuwa kwamba wa Tyson Maglio haukufanya.

Tyson, miaka ishirini na tisa, alikuwa na pikipiki pacha ya hii. Jumamosi ya tarehe mbili Machi ilichemka na kunoki, injini ikagoma kabisa, hapa, mita arobaini kutoka aliposimama Verna. Mwenzake, Brent Hallworth, alishuka kutafuta msaada, kwa sababu pikipiki hizi hazibebi watu wawili kwenye theluji ya kina. Dhoruba iliingia. Waokoaji walimkuta Tyson asubuhi ya Jumapili, amekufa kwa baridi. Mhandisi aliyeajiriwa kuikagua pikipiki alikuta ufa kando ya mshono wa kuchomelea kwenye bamba la Elmer. Aliandika kwamba ufa ulivujisha kulanti, maji ya kupoozea injini, injini ikakosa maji, kosa ni la mchomeleaji. Gereji ya Elmer ilikuwa imezungushiwa utepe wa polisi kwa siku kumi na moja. Saa kumi alasiri ya leo, Ijumaa, wakili wa serikali Jasvir Dhaliwal angetia sahihi mashtaka ya uzembe uliosababisha kifo.

Verna alipanda mara ya kumi na tatu. Sabini na mbili.

Alipiga teke rundo la theluji, akajaza buti.

"Sasa unakasirika nini?" Elmer aliuliza. "Si inafanya kazi?"

"Hii ni nzima. Nimepoteza saa mbili kuthibitisha kwamba pikipiki nzima ni nzima. Dhaliwal atasema ya Tyson ilikuwa na ufa."

"Ufa haukuwa wa kwangu."

"Basi ulikuwa wa nani?"

Verna alitoa picha za waokoaji kutoka mfuko wa ndani wa koti, akazitazama tena ingawa alizijua. Pikipiki ya Tyson imelala ubavu. Pembeni, chini ya mpira wa kutolea mvuke, duara dogo la theluji iliyoyeyuka. Kwingine kote ni weupe mtupu. Kulanti ya Elmer ilikuwa ya bluu. Lita mbili za bluu zingevuja kwenye ufa, zingeonekana hata chini ya sentimita nne za theluji zilizoanguka usiku ule. Waokoaji walichimba kuizunguka pikipiki yote ili kuifunga kamba. Mhandisi aliulizwa swali hilo kwa barua. Alijibu kwa sentensi moja kwamba theluji hufunika.

"Tushuke," Verna alisema. "Hapa hakuna kitu tena. Bandua mkanda wa gundi kwenye rejeta."

Kutoka Morrow hadi maegesho ni kilomita ishirini na mbili za barabara ya misitu, ambayo mashine huishindilia kila wiki hadi inakuwa ngumu kama zege. Verna alitangulia. Upepo ulikuwa usoni, injini ililia sawasawa. Kwenye nguzo ya kilomita kumi na sita alitupia jicho geji: themanini na nane. Alidhani amesoma vibaya. Kwenye nguzo ya kumi na nne ilisoma mia moja na mbili. Nyuma yake Elmer alikuwa akipiga honi mfululizo, kisha akampita kwa kasi, mkono mmoja hewani, akakata mbele yake.

"Simama! Zima! Unaiua!"

Verna alizima. Geji ilikuwa mia moja na nane. Mpira wa kutolea mvuke ulikohoa, ukatema tone la bluu barabarani.

"Vikwaruzo!" Elmer alifoka. "Hujashusha vikwaruzo, mwanamke wewe!"

"Vikwaruzo gani?"

Mzee alipiga magoti kwenye barafu. Kando ya mkanda, kila upande, palikuwa na fito ya chuma cha springi, nene kama penseli, imefungwa juu kwa kulabu. Aliifungua moja. Fito ilianguka na ncha yake ikagusa barabara.

"Huku hakuna theluji ya kurusha. Ni ngumu, mkanda unapita juu juu tu. Hizi zinakwaruza, zinatoa unga wa barafu, unga unapanda kwenye bamba. Bila hizi bamba ni sinia kavu."

"Na hukuniambia."

"Uliniuliza habari za bondeni. Bondeni huzihitaji. Siku kumi na moja nyinyi na yule mhandisi wenu mnaniuliza bondeni, bondeni, bondeni. Nani aliniuliza barabarani?"

Verna aliandika saa, nguzo na joto. Mkono wake uliandika kwa nguvu hadi risasi ya penseli ikakatika. Alitoa penseli nyingine.

"Kulabu ya nini? Kwa nini zisibaki chini siku zote?"

"Kelele. Wateja wanasema zinalia kama uma kwenye sahani. Walinisumbua, nikaweka kulabu."

"Tyson alikuwa anashusha?"

"Nilimwambia ashushe. Akaitikia ndiyo." Elmer alifuta pua kwa glavu. "Wote wanaitikia ndiyo."

"Ikichemka hapa, mnafanya nini?"

"Unasimama, unasubiri ipoe, unajazia kilichomwagika."

"Kwa kitu gani?"

"Kulanti. Kila mtu ana chupa kwenye begi. Huna, unarudi nyumbani." Alikuwa tayari amefungua begi lake na kutoa chupa ya plastiki. Ndani yake palikuwa na bluu.

Verna aliitazama chupa ile muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Simu inaanza kushika mtandao wapi?"

"Nguzo ya sita. Na shusha cha upande wa pili kabla hujawasha."

*

Saa nne na dakika tano walikuwa kwenye banda la vielelezo nyuma ya kituo. Elmer alisimama nje ya mstari wa njano uliochorwa sakafuni, mikono mifukoni, kwa amri. Pikipiki ya Tyson ilikuwa juu ya stendi. Konstebo Ouellette, mtunza vielelezo, alishika tochi.

Verna alianza na vikwaruzo. Vyote viwili vilikuwa vimefungwa juu. Alipitisha kidole kwenye ncha. Rangi nyeusi ya kiwandani ilikuwa bado ipo, laini, bila mkwaruzo hata mmoja. Ncha za vikwaruzo vya Elmer, alizozipiga picha maegeshoni nusu saa iliyopita, zilikuwa zimelika na kung'aa kama sarafu.

"Havijawahi kugusa chini," alisema. "Tangu vifungwe."

"Mjinga," Elmer alisema kwa sauti ndogo. "Mjinga mpenzi."

Verna alifungua jalada. Maelezo ya Brent Hallworth, yaliyotiwa sahihi Jumatano ya tarehe sita Machi, ukurasa wa pili: *Tulipanda barabara moja kwa moja hadi Morrow. Hatukusimama.* Kilomita ishirini na mbili za barabara ngumu, vikwaruzo juu, bila kusimama.

"Konstebo. Ripoti inasema pikipiki ilivuja humu ndani ilipopata joto. Iko wapi kulanti iliyovuja?"

Ouellette alihamisha tochi kutoka mkono huu hadi ule. "Nilipiga deki."

"Ulipiga deki."

"Sakafu ilikuwa inateleza, afande. Mtu angevunjika kiuno."

"Ukamwaga wapi?"

"Chooni."

"Hukuweka hata kijiko?"

"Mhandisi alishaiangalia. Alisema ni ya bluu, kama ya mzee. Akaandika."

Ilikuwa kweli. Ripoti ilisema: *kimiminika cha bluu, sawa na kinachotumiwa na Voykin.* Mtu mwenye shahada mbili alikuwa amepima kulanti kwa macho. Verna alifunga jalada taratibu, akaliweka mezani, akaligeuza ili kingo zilingane na za meza.

"Binti wa Polly," Elmer aliita kutoka nyuma ya mstari. "Chini ya pampu ya maji kuna bolti. Spana namba nane. Pale pana kifuko. Maji hayatoki yote hata ukiipindua."

"Usivuke mstari."

"Sijavuka. Nimeelekeza kwa kidevu."

Verna alivaa glavu mpya, akaweka kikombe kisafi chini ya pampu, akalegeza bolti. Hakikutoka kitu. Alitikisa pikipiki. Hakikutoka kitu. Aliagiza Ouellette ainue skii ya mbele, na ndipo tone la kwanza likashuka, kisha la pili, kisha la tatu. Kisha basi.

Kipimo cha lenzi anachotumia kila fundi wa theluji kinataka matone mawili tu. Unayaweka kwenye kioo, unafunika, unatazama kwenye mwanga, na mstari unakuonyesha kulanti itaganda kwenye nyuzi ngapi. Verna aliazima cha karakana ya kituo, akakihakiki kwanza kwa maji safi: sifuri. Kisha akaweka matone.

"Tisa chini ya sifuri."

"Haiwezekani," Elmer alisema. "Mimi natia ya arobaini."

"Nitajuaje? Maelezo yako hayana kiapo. Dhaliwal ameandika hilo kwa wino mwekundu."

"Sisi kwa imani yetu hatuapi, unajua. Mama yako hakuapa, na bibi yako hakuapa. Ndiyo maana simwombi mteja aniamini. Namshikisha lenzi aangalie mwenyewe. Geuza kile kikopo cha akiba, angalia kwa chini."

Verna alimulika chini ya kikopo cha akiba cha kulanti. Kwenye plastiki, kwa ncha ya msumari, palikuwa pamechorwa: *−40, 11 Nov., E.V., T.M.* Mwandiko ulikuwa wa aina mbili. Herufi za Tyson zililalia kushoto, kama zilivyolalia kwenye leseni yake ndani ya jalada.

Alipiga picha tatu. Kisha akachukua rula ya chuma, akailaza juu ya bamba la Elmer kwa upana, kando ya ufa. Rula ilicheza. Ilikaa katikati na kuinuka kingo zote mbili. Bamba lililokuwa bapa lilikuwa limevimba milimita tatu.

"Mhandisi alipima huu uvimbe?"

"Hapana, afande," Ouellette alisema.

"Mshono mbovu unaachia. Hauvimbi." Aliisogeza rula hadi mwisho wa bamba, uvimbe ulifuata njia za maji, moja baada ya nyingine. "Maji yaliganda humu ndani. Barafu ilisukuma bamba, bamba likapasuka usiku, wakati Tyson hayupo tena kwenye kiti. Likabaki limezibwa na barafu hiyohiyo hadi lilipoyeyuka kwenye sakafu yako, Konstebo. Ndiyo maana theluji ya Morrow ni nyeupe."

"Lakini ilichemka mchana," Ouellette alisema. "Kabla ya usiku."

"Walipofika Morrow walikaa kula msituni dakika hamsini. Ipo kwenye maelezo. Joto lilikuwa kumi na tisa chini ya sifuri. Injini imezimwa, themostati imefunga, maji yaliyo kwenye bamba yametulia, na bamba limejaa theluji chini yake. Kulanti ya arobaini haigandi hapo. Ya tisa inakuwa uji wa barafu. Wakawasha, wakapanda, themostati ikafungua njia iliyozibwa."

Elmer alikuwa ametoa mikono mifukoni. "Mtu ametia maji kwenye kazi yangu."

"Ndiyo."

"Nani?"

Verna alikuwa tayari anapiga simu. Dhaliwal alipokea mlio wa pili na kumsikiliza bila kumkatiza, jambo ambalo halikuwa dalili njema.

"Matone matatu," alisema mwishowe.

"Matatu. Na uvimbe, na vikwaruzo, na maandishi ya Tyson."

"Matone matatu yaliyotolewa na askari mmoja, huku mshukiwa akielekeza bolti ya kufungua. Na huyo askari asubuhi alikuwa mlimani na mshukiwa huyohuyo, wanacheza pikipiki. Verna, nikiuliza nani alitia maji, utanijibu nini?"

"Nitakujibu kabla ya saa kumi."

"Saa kumi natia sahihi. Familia ya Maglio itakuwa ofisini. Na usiniletee lenzi. Jaji haelewi lenzi. Niletee kitu ninachoweza kukishika."

*

Saa sita na dakika ishirini Brent Hallworth alifungua mlango wa banda lake la pikipiki. Alikuwa na miaka thelathini na tatu, zamu yake kwenye kiwanda cha mbao ilianza saa tisa, na sare ilikuwa tayari mwilini. Ukutani palikuwa na vibao vya namba za mashindano ya kiangazi, kumi na saba au kumi na nane, bado zina matope.

Verna alimweleza kwamba hana lazima ya kujibu, kwamba akijibu itaandikwa, na kwamba anaweza kumpigia wakili sasa hivi. Brent alisema hana cha kuficha. Verna aliandika maneno hayo pia.

"Mlipanda barabara siku ile bila kusimama."

"Nilishasema."

"Sema tena."

"Hatukusimama, afande. Moja kwa moja."

"Tyson alishusha vikwaruzo?"

Brent alikuna shingo. "Sikuangalia."

"Ulikuwa nyuma yake?"

"Nyuma, ndiyo."

"Vikishuka vinapiga kelele kama uma kwenye sahani. Ulisikia?"

"Nina helmeti, afande. Sisikii hata mke wangu."

"Havikushuka. Ncha zina rangi ya kiwandani. Leo asubuhi mimi nimesahau kushusha vya kwangu. Kutoka sabini na mbili hadi mia moja na nane, kilomita nane. Nyinyi mlikuwa na ishirini na mbili. Alichemka, Brent. Nataka kujua kilomita ya ngapi."

Brent alitazama namba za ukutani.

Verna alisogea hadi kwenye rafu. Mafuta ya injini, kopo la grisi, minyororo mitatu, kisha chupa ya lita moja, nusu yake bluu.

"Hii nini?"

"Kulanti."

"Naomba matone mawili."

Brent aliitikia kwa kichwa. Verna aliweka matone kwenye kioo, akatazama mlangoni kwenye mwanga, kisha akampa lenzi.

"Soma mwenyewe."

Alisoma. Akaifuta lenzi, akasoma tena.

"Sifuri," alisema.

"Kwa nini?"

"Ya mashindano hiyo. Uwanjani dawa ya kuzuia kuganda hairuhusiwi. Ikimwagika kwenye kona, panateleza, wenzako wanaanguka mmoja baada ya mwingine. Kwa hiyo kiangazi wote tunatumia maji na dawa ya kutu. Wanaitia rangi. Novemba unaimwaga, unatia ya baridi." Aliirudisha lenzi. "Kwenye pikipiki niliimwaga. Kwenye begi nilisahau. Begi ni lilelile, afande. Kiangazi na baridi, begi ni lilelile."

"Kilomita ya ngapi?"

"Kumi na saba."

"Endelea."

"Alitoa mvuke. Tukasimama, tukacheka. Nikamwambia vikwaruzo, mpumbavu wewe, akasema tumebakiza kilomita tano, havina haja. Chupa yake ilikuwa na tone tu. Nikampa yangu. Niliimimina mwenyewe. Lita nzima na nusu nyingine. Nilikuwa nazo mbili. Ilikuwa ya bluu. Yake ya bluu, yangu ya bluu."

"Ulijua lini?"

"Siku ile sikujua, naapa..."

"Ulijua lini?"

"Jumanne. Nilikuwa nasafisha begi. Nikaona chupa tupu imeandikwa kiangazi kwa mkono wangu." Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Nikaitupa."

"Jumatano ukaja kituoni ukatia sahihi kwamba hamkusimama."

"Jumatano mlishaanza kumuuliza mzee. Mhandisi alishasema ni ufa. Mimi sikusema ni ufa, afande. Nyinyi ndio mlisema."

"Ulijua kwamba si ufa."

"Nilijua tulisimama."

"Voykin ana miaka sitini na moja, na leo saa kumi anashtakiwa."

"Nina watoto wawili," Brent alisema. Kisha akaongeza: "Nimesikia nilivyosema. Usiandike hiyo."

Verna aliandika. Alimsomea maelezo yote kuanzia mwanzo, Brent akasahihisha sehemu moja tu: walicheka baada ya kuzima, si kabla. Alitia sahihi saa saba na dakika mbili. Chupa iliingia kwenye mfuko wa vielelezo.

*

Friza ya jikoni kwa askari ilisoma ishirini na tatu chini ya sifuri. Verna alitoa pirahi, maandazi ya kabichi ya mtu fulani, ili kupata nafasi. Aliweka mitungi miwili ya jemu, kila mmoja na mililita hamsini. Kwenye A alitia kulanti kutoka kopo la Elmer ambalo Ouellette alilitoa ndani ya gereji iliyofungwa, likiwa bado na lakiri. Kwenye B alichanganya kulanti hiyohiyo na bluu ya Brent, kidogo kidogo, hadi lenzi ikasoma tisa. Mitungi ilipokaa sambamba, Ouellette aliulizwa upi ni upi bila kusoma lebo. Alikosea.

Saa saba na dakika kumi na nane friza ilifungwa na kuwekewa karatasi yenye sahihi mbili.

Saa tisa kasoro dakika tano mwenye pirahi alijaribu kuifungua akafukuzwa. Saa tisa na nusu Dhaliwal alipiga simu kuuliza kama atarajie chochote. Verna alimwambia aje mwenyewe. Dhaliwal alisema ana familia ya marehemu mlangoni. Verna alisema ofisi yake iko mita mia mbili kutoka kituoni, na akakata simu.

Alikuja saa tisa na dakika arobaini na sita, koti begani, hati ya mashtaka kwenye jalada, kalamu mkononi. Elmer alikuwa amekaa kwenye benchi la korido tangu adhuhuri. Dhaliwal alimpita bila salamu.

Karatasi ilikaguliwa. Sahihi zilikuwa nzima. Verna alifungua friza na kuweka mitungi mezani.

"A ni ya Voykin," alisema. "B ni mchanganyiko kama uliokuwa ndani ya bamba."

Dhaliwal aliinua A, akaipindua juu ya sinki baada ya kufungua kifuniko. Bluu ilimwagika kama maji. Akaipindua B. Hakikushuka kitu. Aliitikisa. Akaigonga kwenye ukingo wa sinki, mara moja, mara mbili.

"Imekaa humo muda gani?"

"Saa mbili na nusu. Na huu ni mtungi. Njia za bamba ni nyembamba kama kidole."

Dhaliwal aliweka mtungi mezani na kuchoma B kwa ncha ya kalamu yake. Kalamu iliingia nusu. Alipoiachia, ilibaki imesimama wima.

Wakili aliitazama kalamu, akatazama saa ya ukutani, akafungua jalada. Alisoma maelezo ya Brent Hallworth, kurasa tatu, bila kukaa. Kisha akaichomoa kalamu, akaifuta kwa leso, na kuchora mstari mmoja juu ya jina la Elmer Voykin.

"Huyu Hallworth nitamshughulikia Jumatatu," alisema. "Nitawaambia akina Maglio mimi mwenyewe." Koridoni alisimama mbele ya benchi. "Mzee Voykin. Unaweza kufungua gereji."

"Nani atakata utepe?" Elmer aliuliza. "Mimi naogopa kukata. Umeandikwa usiguse."

Saa kumi na dakika kumi na tisa Ouellette alikata utepe kwenye mlango wa gereji. Elmer aliingia, akawasha taa, akaenda moja kwa moja kwenye pikipiki ya mteja iliyokuwa stendi tangu siku ile. Alichukua bisibisi. Alifungua kulabu ya kikwaruzo cha kushoto, kisha ya kulia, akazitupa zote mbili kwenye pipa la chuma chakavu, na vikwaruzo vikaanguka chini, bila kitu cha kuvifunga juu tena.